Posa Aliyoibeba Shemeji

"Mita kumi na moja, nukta nne," shemeji aliita kutoka gizani.

Nikaandika. "Dira?"

"Mia mbili na sita."

"Mteremko?"

"Unashuka digrii nane. Shemeji, penseli inaandika au umelala?"

"Nitalala vipi na wewe unapayuka kama umeuziwa pango?"

Utepe uliokazwa kati ya mikono yetu ukatikisika kidogo. Amecheka. Ukishapima mapango na mtu miaka miwili, unajua anacheka hata kama humwoni.

Ni mdogo wake marehemu mume wangu. Mume wangu alifariki kwa ugonjwa wa figo miaka mitatu iliyopita, akaniacha na binti mdogo na nyumba iliyokuwa kimya mno. Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu wa kazini na kitandani tu. Kisha siku moja shemeji akaja mlangoni ameshika kofia ngumu mbili zenye taa.

"Kuna watu wa kujitolea wanapima mapango kila mwisho wa mwezi," alisema. "Wanatafuta mtu anayejua kuchora. Vaa viatu."

Mimi nachora ramani za nyumba katika ofisi ya mhandisi. Yeye ni fundi bomba, amezoea kuingiza mwili mahali ambapo paka angefikiri mara mbili. Kwa hiyo yeye hutangulia na utepe na dira, mimi nafuata na daftari. Tunachora njia za chini ya vilima ili watu wajue maji yao yanapita wapi, na asije mtu akapotea humo.

Sikwenda mapangoni kutafuta mapenzi. Lakini nikaanza kuhesabu siku za mwezi. Nikaanza kukijua kikohozi chake hata tukiwa watu kumi. Akinipa mkono kunivusha mwamba, niliushikilia kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha nikasema "asante, shemeji" kwa sauti kubwa, kama mtu anayefunga komeo. Na nikifika nyumbani nilikaa sebuleni na matope yangu, sitaki kuoga, sitaki siku iishe.

Jumamosi hiyo hakuwa sawa. Njia nzima alikaa garini kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Tulikuwa watano: sisi wawili, wanafunzi wawili wa chuo, na mwenyekiti wa kikundi, mfamasia mmoja mpole mwenye miwani. Mwenyekiti na wanafunzi walibaki kupima ukumbi mkubwa wa pango. Sisi tukatumwa ujia wa magharibi ambao haukuwahi kupimwa.

Ujia ukaishia ukutani. Palikuwa na kijichumba cha mawe ambacho watu wawili wanaweza kukaa magoti yakikaribia kugusana. Tukakaa. Akanywa maji, akafunga chupa, akaifungua tena.

"Shemeji, nina ujumbe wako."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa mama."

Mama yake, yaani mama mkwe wangu, ndiye aliyebaki na binti yangu siku hiyo. "Mama nimetoka kwake asubuhi hii," nikasema. "Ujumbe gani huo ameshindwa kuniambia pale mlangoni?"

"Si wake hasa. Kanituma tu." Akavua kofia, akaivaa. "Mwenyekiti alikwenda kwa mama wiki iliyopita. Amekuposa."

"Mwenyekiti yupi? Huyu aliyenimiminia chai asubuhi?"

"Huyo huyo."

"Na mama kasemaje?"

"Kasema wewe ni mtu mzima, uamuzi ni wako. Akasema mimi ndiye nikuulize, kwa kuwa tunashinda pamoja huku."

"Basi uliza."

"Si nimeshauliza."

"Umetoa taarifa. Uliza kama ulivyotumwa."

Akatazama chini. Mwanga wa taa yake ukaangukia viatu vyangu.

"Mwenyekiti anauliza kama utakubali kuolewa naye."

Miaka miwili nilikuwa nangoja maneno ya aina hiyo yatoke katika kinywa hicho, na sasa yametoka yakiwa ya mtu mwingine.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza.

"Mimi ni mjumbe."

"Mjumbe hauawi. Sema."

"Ni mtu mzuri. Ana duka lake la dawa, halewi, hana makuu. Hutapata shida kwake."

"Nimekuuliza habari za duka?"

Tone la maji likadondoka mahali, kisha jingine.

"Unataka niseme nini, shemeji?"

"Nataka useme ukweli mara moja tu. Kila Alhamisi unakuja kwangu kukagua bomba la jikoni. Bomba halivuji, halijawahi kuvuja. Umelikagua mpaka majirani wananiuliza nyumba yangu ina ugonjwa gani."

Akacheka, lakini kicheko kilimwishia njiani.

"Nikisema nitakuwa nimemkosea kaka."

"Kaka yako nilimuuguza mimi. Miezi tisa. Nilimpenda mpaka pumzi ya mwisho na sijaacha. Hilo halina ugomvi na hili."

"Hili lipi?"

"Usinitegee. Mimi ndiye niliyekuuliza."

Akajifuta uso kwa kiganja chenye matope, akajipaka badala ya kujifuta.

"Watu watasema nilikuwa nakumezea mate tangu kaka yuko hai."

"Ulikuwa?"

"Haki ya Mungu, hapana. Ulikuwa mke wa kaka, basi. Ilianza lile pango la pili, ulipokwama kiuno. Nikadhani utalia. Wewe ukaniambia, nisomee dira, tusipoteze muda. Ukaandika namba umekwama vile vile. Nilirudi nyumbani sikulala."

"Miaka miwili hiyo. Mbona umekaa kimya?"

"Ningesema nini? Binti yako ananiita baba mdogo. Nimwambie nimepandishwa cheo?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Sikuwa na mkono safi wa kuyafuta, nikayaacha.

"Na mimi nilikuwa na hofu yangu," nikasema. "Niliogopa watu wasije wakasema nimeachwa kwako kama kabati la marehemu."

"Wewe uwe kabati? Kabati halijibu watu."

Kisha akaniita kwa jina langu. Tangu siku niliyoolewa kwao hakuwahi kulitamka, na nilishangaa alivyolitamka taratibu, kama mtu aliyekuwa akilifanyia mazoezi peke yake.

"Nakupenda," akasema. "Nimeshasema. Sasa nipe jibu la mwenyekiti, maana nimetumwa jibu."

"Mwambie namshukuru, na namheshimu. Lakini siwezi."

"Akiniuliza kwa nini?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka ujiani, karibu kabisa, kama mtu ameketi katikati yetu.

"Hatakuuliza," ilisema. "Yaani, sitauliza. Samahanini sana. Huku ukumbini tunasikia kila kitu."

Ilikuwa ya mwenyekiti. Ujia ule ulibeba maneno kama bomba linavyobeba maji, na kati yetu sote hakuna aliyejua.

Fundi wangu akaweka kichwa magotini. "Tangu wapi?" akauliza.

"Tangu duka la dawa."

Tulitambaa kurudi polepole kuliko siku zote. Wanafunzi walikuwa wameinamia daftari moja wote wawili, kama limeandikwa herufi ndogo mno. Mwenyekiti alikuwa amekaa juu ya jiwe, miwani mkononi.

"Nilipoanza kusikia ilinipasa niite niwakatize," aliniambia. "Nikakawia. Hilo ni kosa langu."

"Na mimi sikutaka upate jibu kwa njia hii."

"Ningelipata tu." Akavaa miwani. "Mwanamume mwenye uhakika na mwanamke hapiti kwa mama mkwe. Angemuuliza mwenyewe. Moyoni nilikuwa najua."

Kisha akamgeukia shemeji. "Fundi, umepewa barua yangu uipeleke, wewe umeifungua ukasoma ya kwako."

"Nisamehe, mwenyekiti."

"Nitakusamehe. Leo usiniharakishe."

Akasimama, akakung'uta suruali. "Haya. Ujia wa magharibi umefungwa na ukuta, sivyo? Andika hivyo. Tumalize ukumbi kabla ya chakula."

Tukafanya kazi saa mbili zaidi, na sijawahi kuona watu wanaosoma namba kwa adabu kama siku ile.

Tulipotoka nje, juani, mtandao ukarudi na simu yangu ikalia. Ujumbe wa mama mkwe: "Mwanangu, huyo mdogo wako kakupa maneno yangu? Nijibu ukipata nafasi."

Shemeji alikuwa kando ya ndoo, anaosha utepe. Akaja akausoma ujumbe juu ya bega langu.

"Usimpigie leo," akasema kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Mama amezika mtoto. Sijui atalipokeaje hili."

"Na mimi sijui. Lakini sitarudi kwake kumchukua binti yangu huku namficha jambo. Nitashindwa hata kumtazama."

Nikapiga.

"Mama, ujumbe nimeupata."

"Umejibu nini?"

"Nimekataa."

"Kwa sababu gani, mwanangu?"

Shemeji alikuwa amerudi ndooni, anasugua utepe palepale alipoutakatisha zamani.

"Kuna mtu mwingine, mama."

Upande wa pili nikasikia binti yangu anaimba, na sufuria ikiwekwa chini.

"Huyo mtu mwingine yuko hapo?"

"Yuko."

"Anafanya nini?"

"Anaosha utepe wa kupimia."

"Mwambie auache aje kwenye simu. Utoto wake wote alikimbia maji, leo ndiyo kajua kuosha."

Nikaweka sauti ya nje. Shemeji akasogea, mikono inachuruzika.

"Mama, nipo."

"Mjinga wewe," mama akasema, bila ukali. "Miaka miwili kila Jumapili unanijazia masikio. Shemeji kachora hivi, shemeji kasema vile. Penzi ni kikohozi, na wewe umekohoa mpaka kuku wangu wamejua. Nikangoja useme. Husemi. Mwenyekiti alipokuja nikawaza, nitakupa wewe uipeleke hii posa. Ukiifikisha kwa moyo mweupe, basi huna kitu moyoni. Ukishindwa, tutajua."

"Ulijua, mama?" nikauliza.

"Nina macho, mwanangu."

"Basi umemtumia mwenyekiti, mtoto wa watu. Kasimama pale na jibu kalisikia mbele ya wanafunzi."

Nikasikia anavuta kigoda, anakaa.

"Nimemtumia, kweli," akasema. "Ungemkubali ningekuoza kwa mikono yangu miwili, na ningefurahi. Lakini nilikuwa na hesabu yangu pembeni, na hilo si zuri. Nitamwomba radhi mwenyewe. Nitampigia jioni, asinisikie mbele ya watu tena."

"Mama, na kaka je?" shemeji akauliza.

"Kaka yako nimemzaa mimi." Sauti yake ikabadilika, ikawa nzito. "Kama kuna mtu wa kuulizwa ameonewa au hajaonewa, ni mimi. Hajaonewa. Sasa rudini salama, nina usingizi wa kulala ambao sijaulala muda mrefu."

Akakata. Nikajua ameenda kulia, na kwamba hakutaka tumsikie.

Njia nzima ya kurudi hatukugusana. Mwenyekiti alikuwa anaendesha, na kulikuwa na heshima ambayo ilitupasa tumpe. Miezi miwili baadaye aliacha uenyekiti, akasema amechoka magoti. Alirudi mwaka uliofuata, magoti yamepona.

Asubuhi ya Jumapili, siku moja tu baada ya lile pango, nilikwenda makaburini peke yangu. Sikumwambia mtu. Nilikaa kando ya mume wangu nikamweleza yote tangu mwanzo, hata habari ya bomba la jikoni, kwa sababu alipenda kucheka na angelicheka lile. Nikamwambia sijamhamisha mahali pake. Nikang'oa majani yaliyoota kichwani mwa kaburi, nikaondoka.

Nilipofika getini nikamkuta shemeji amesimama nje, shati limepigwa pasi, macho hayajalala.

"Umenifuata?" nikamuuliza.

"Hapana. Nimekuja kwa kaka. Nilipokuona ndani nikangoja zamu yangu."

"Mimi nimemaliza."

"Mimi sijaanza. Utanisubiri?"

"Nenda."

Akaingia. Nikakaa kwenye ukingo wa saruji, jua likapanda mpaka kivuli changu kikaja miguuni. Nilimwona kwa mbali amechuchumaa, anaongea, anaonyesha kwa mikono, ananyamaza, anaongea tena. Upepo haukuniletea hata neno moja. Niligundua kwamba ningeweza kukaa pale mpaka jioni na nisichoke.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Umemwambia nini muda wote huo?"

"Hayo ni ya mtu na kaka yake."

Akanyoosha mkono. Hapakuwa na mwamba wa kuvuka, wala shimo. Nikaushika, tukaanza kutembea kwenda kwa mama, ambaye alikuwa ametuambia chakula kitakuwa tayari saa saba na kwamba mwenye kuchelewa ataoshea wote vyombo.