Pijo Lililopondwa Makusudi

Siku ile Adong alikwenda Ggaba kununua samaki, akarudi na gari. Na gari lenyewe, hata kuku wangelisusa kulilalia.

Mwalo wa Ggaba, pale ufukweni mwa ziwa, siku ya Jumamosi hapakaliki. Mitumbwi inashusha, wachuuzi wanapigania ngege, samaki wanene wa ziwani, matope yanaruka. Adong alivaa gauni la maua ya njano, refu hadi chini ya magoti, maana ule ulikuwa mwaka wa nne wa utawala wa wanajeshi, na serikali ilikuwa imejipa hata kazi ya kupima magauni ya wanawake. Alikuwa akiwapisha wabeba mizigo alipoona, nyuma ya tanuri za kukaushia samaki, Pijo 403 lisilo na magurudumu, limekalishwa juu ya mawe, ndani limejazwa samaki wa moshi. Rangi yake ya kijani ilibaki viraka viraka. Kwenye mlango wa kushoto palikuwa na mkwaruzo alioufanya yeye mwenyewe kwa msumari alipokuwa mtoto, akachapwa.

Lilikuwa gari la baba yake. Inspekta Fabiano Olweny wa polisi alifuatwa nyumbani kwake Lubaga mchana kweupe na wanaume wenye miwani nyeusi, wakamwamuru aingie kwenye gari lake na aendeshe mwenyewe. Hakurudi. Si kaburi, si cheti, si samahani. Kosa lake ni kuzaliwa kaskazini, upande wa rais aliyepinduliwa, basi. Mwizi wa nyanya akikamatwa sokoni anapigwa mawe. Mwizi wa mtu na gari lake anapigiwa saluti. Mji gani huo?

Na papo hapo palikuwa na mwanamume mmoja, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, suruali pana miguuni, amepiga goti anafungua taa ya mbele kwa bisibisi.

"Irudishe hiyo taa," Adong akasema.

"Mamzeli, hii gari ilikufa zamani. Miye nachukua jicho tu."

"Ni ya baba yangu. Irudishe."

Yule mtu akamtazama usoni, asiulize zaidi. Akaanza kuifunga taa, parafujo moja baada ya nyingine. Jina lake lilikuwa Mugisho, fundi wa magari kutoka Bukavu, aliyekimbia vita vya kwao akafungua gereji Bukoto. Abudu, mwenye samaki, akasema yeye aliliokota tu baada ya askari kulichosha na kulitupa. Mtu akimletea kabati la kuhifadhia samaki, alichukue bati lake aende zake. Kabati likapatikana. Aliyelipigilia misumari ni Mugisho.

Gari likapakiwa kwenye lori hadi gereji, na huko Mugisho alilizunguka, akidunga kwa bisibisi kila palipoliwa na kutu. Hakumficha Adong kitu. Sakafu imeoza, nyaya zimetafunwa na panya, breki hazipo. Angekuwa mteja mwingine, Mugisho angemwambia aliuze kama chuma chakavu wasahauliane. Kitu kimoja tu kilimpa tumaini: injini ilikuwa imeganda, haikuvunjika. Adong akamuuliza, lingekuwa la baba yako ungefanyaje? Mugisho akavua lile shati lake, akalitundika msumarini, akavaa ovaroli. Wengine hupendana kwa maua. Hawa walipendana kwa ovaroli.

Adong alikuwa mwunganisha simu pale posta. Mugisho aliazima simu ya duka la jirani, na akijibiwa na msichana mwingine alikata.

"Posta. Nikuunganishe na nani?"

"Na yule mamzeli wa gauni ya njano."

"Hayupo. Ameolewa na tajiri."

"Basi umuambie sakafu yake mupya imeisha, nimeichomelea leo. Huyo tajiri anajua kuchomelea?"

"Fundi, kuna watu wanangoja laini."

"Miye pia nangoja, sheri."

Sheri ndilo neno lao la Bukavu la kumwita mpenzi, na Adong alilipenda, ingawa alijifanya hajalisikia. Walikula mihogo pamoja juu ya magurudumu makuukuu. Jambo moja tu hawakulimaliza. Adong alilitaka gari liwake kijani kama zamani, alipitishe katikati ya mji, waliomchukua baba yake walione wajue kwamba kuna mtu hajasahau. Mugisho alimwambia gari linalong'aa katika mji huu linamwitia mwenyewe mauti. Adong akajibu kwamba mauti hayo ni yake, hayamhusu fundi. Mugisho akarudi chini ya gari, na Adong akadhani amekubali.

Basi siku moja akaenda gereji bila kumwarifu fundi, amebeba kopo la rangi ya kijani alilolitafuta mji mzima. Akamkuta Mugisho na nyundo mkononi, analiponda boneti, boneti lile lile alilolinyoosha kwa mikono yake. Mlango mmoja ulikuwa mweupe, wa gari jingine. Kumbe ndivyo mafundi wote wa Bukoto walivyofanya miaka ile: wanaliponya gari ndani, wanalitia vilema nje, ili askari wasilitamani. Kila dereva alijua. Adong, mtu wa nyaya za simu, hakujua.

"Unampiga baba yangu," akasema.

"Adong, sikiliza."

"Walimpiga wao. Sasa na wewe."

Akaondoka na kopo lake. Tangu hapo kila aliposikia sauti ile kwenye laini, alichomoa waya.

Lakini mji ule haukumwacha mtu na hasira zake muda mrefu, ulimletea nyingine. Aliyekaa kiti cha pili pale posta aliitwa Ayot. Mume wake alikuwa amelipaka gari lao rangi nyekundu kwa ajili ya Krismasi, watoto wafurahi. Askari walilipenda. Walimshusha kwenye kizuizi, na kwa kuwa gari bila mwenyewe halina wa kulidai, na yeye hawakumwacha hai. Ayot alirudi kazini kwa sababu watoto lazima wale, akakaa pale machozi yanamtiririka, akiwaunganishia simu wakubwa wa jeshi wakiagiziana wiski. Na aseme nini? Aseme "ndiyo, afande."

Adong alivua vyombo vya masikioni, akapiga mwenyewe simu kwa lile duka la Bukoto, akaomba fundi aitwe.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ndani ni muzima. Nje nilimuacha. Sikuweza kushika nyundo tena."

"Ishike." Alikuwa na hasira, na safari hii si kwa Mugisho. "Mponde mpaka wamwonee kinyaa. Na ubavu mmoja nitauponda mimi."

Akauponda kweli, akilia kwa hasira. Serikali inayomlazimisha mtoto kuharibu urithi wa baba yake ili aubakize, serikali hiyo ina haya gani?

Jumapili wakaondoka Bukoto kwenda Lubaga kumwonyesha mama. Wandegeya palikuwa na kizuizi. Askari akainama dirishani.

"Nyinyi nabeba takataka hii wapi?" Kisha akamwelekezea Adong mdomo wa bunduki. "Gari ya nani?"

Jina la baba lilimpanda hadi kooni. Miaka yote hii alikuwa akilingoja swali hilo.

"Haina mwenyewe, afande," akasema. "Ni chuma chakavu tu."

Askari akacheka, akaupiga mlango teke, akawafukuza wasiuharibie mji sura.

Walipoanza kuupanda mlima wa Lubaga Adong akaushika uso wake. "Nimemkana baba yangu kwa mdomo wangu."

"Hukumukana," Mugisho akasema. "Umemuvusha." Kisha, macho yakiwa barabarani, akasema kwamba yeye hana kwao hapa, ila kama mama atamsikiliza, leo atamwomba mtoto wake. Adong akamjibu aombe, maana jibu la mtoto tayari analo.

Mama yake Adong alikuwa kwenye ua wa nyuma akifua. Hakuliona gari, alilisikia. Mugisho alikuwa ameirudisha ile injini hadi ikanguruma sawasawa na zamani, na hakuna hata mmoja wao aliyewaza hilo lingemfanya nini yule mama. Alitoka mbio na mapovu mikononi, kanga inamvuka, anaita, "Fabiano!"

Akasimama. Akaona boneti lililopondwa, mlango mweupe, na vijana wawili ndani. Hakuna aliyethubutu kushuka. Akalizunguka gari polepole, akipitisha kiganja kwenye kila bonde.

"Nani kalifanya hivi?"

"Ni sisi, mama," Adong akasema. "Ili wasilichukue tena."

Mama akaitikia kwa kichwa, muda mrefu. Mugisho alishuka, akaanza hotuba yake ya posa aliyoikariri njia nzima, ikamkwama katikati. Mama hakumngoja amalize. Alimwambia Adong ahamie nyuma, akaketi mbele, mahali pake pa zamani, akaifuta mikono kwenye kanga.

"Mkwe wangu," akasema, "endesha. Polepole, nimsikie."