Wimbo wa Mwisho wa Papa Kanyamibwa

— Usigeuke, Munyakazi alimwambia binti yake. Ule kijana iko nyuma, nilishamuona.

Drocella hakugeuka. Simu ilikuwa imeshatetemeka mapajani mwake, ujumbe wa Honoré.

"Niko karibu na mulango. Nilikuja juu yako, hapana juu ya gitare."

Honoré alikuwa mwalimu, mtoto wa wakulima wa maharage wa Bweremana. Miezi miwili iliyopita alikwenda kujitambulisha kwa Munyakazi kama mchumba wa Drocella. Akapewa maziwa, akasema asante, tumbo lake halipatani na maziwa. Kwa mfugaji wa Kirolirwe kama Munyakazi, huko ni kuikataa nyumba nzima. Angegusisha midomo tu, yangeisha. Lakini mwanaume mkweli naye ana ujinga wake. Munyakazi alimfungia mlango, na Jumamosi ijayo familia nyingine, ya wafugaji, ilikuwa inakuja kumposa Drocella.

Papa Kanyamibwa, mwimbaji waliyekuja kumsikiliza, akaingia, na mambo hayo yote yakanyamaza.

Drocella alikua akimsikia kwenye redio ya marehemu mama yake, akadhani ni mtu mkubwa kama mlango. Kumbe ni mzee mfupi wa miaka sabini na sita, sweta imeshonwa kiwiko. Ukumbi wa parokia ulikuwa na viti arobaini, hakuna kipaza sauti. Alikaza nyuzi za gitaa bila haraka, kisha akaimba. Sauti ilikuwa imechakaa, na bado ilifika mpaka kwenye mifupa. Watu walisahau kukohoa. Munyakazi, ambaye hata kanisani hunong'ona habari za ng'ombe, alikaa mdomo wazi.

Baada ya saa nzima mzee akaweka kiganja juu ya nyuzi.

— Huu wa mwisho siwaimbii watu wamekaa ovyo. Kila muntu abebe kiti yake, akae pembeni ya mwenye anapenda. Nitangoja.

Viti vikaanza kuburuzwa. Wake wakawafuata waume, wengine wakicheka kwa haya. Drocella akashika kiti chake.

— Unaenda wapi?

— Papa, umesikia vile amesema.

— Ule alikataa maziwa yangu.

— Alikataa maziwa. Mimi hakunikataa. Nikibakia hapa, nitakuwa nadanganya mbele ya huyu muzee.

Akabeba kiti, macho ya ukumbi mzima mgongoni. Honoré alisimama kumpokea.

— Papa yako ataniua.

— Kaa chini.

Wakakaa. Lakini wimbo haukuanza. Kanyamibwa alikuwa anamtazama Munyakazi, peke yake katikati ya safu tupu.

— Na weye, Papa?

— Mwenye nilipenda tulimuzika. Iko miaka sita sasa.

Mwimbaji aliinamisha kichwa, akangoja. Hakumhimiza mtu. Drocella hakujua kama baba yake anaweza kuonekana mdogo hivyo.

Munyakazi akakohoa, bila kugeuka.

— Drocella. Mulete viti vyenu hapa. Mimi nitasikia na nani?

— Vyote mbili, Papa?

— Sikusema kimoja.

Wakavibeba. Honoré akaweka chake kushoto kwa Munyakazi, na Munyakazi akasogeza magoti kumpa nafasi.

— Wale watu ya Jumamosi, nitawaambia wabakie kwao.

Honoré akafungua mdomo kushukuru.

— Nyamaza, alisema Munyakazi. Tusikie.

Kanyamibwa akafumba macho, akagusa uzi wa kwanza.