Tiba ya Bure

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na kazi yake aliifanyia nyumbani. Sebule ilijaa vitambaa vya sare za shule, na vipande vya uzi vilifika mpaka kwenye vikombe vya chai. Mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, ingawa pacha mmoja, yule wa kiume, alikuwa amefariki mwaka uliopita kwa homa ya uti wa mgongo. Jina lilibaki vilevile. Kila alipoitwa moyo ulimchoma, lakini aliitika.

Pacha wa kike alikuwa darasa la tatu. Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo, yeye na mama yake walikaa mbele ya kompyuta wakatazama picha za marehemu. Picha zote zilikuwa humo, na video pia. Simu iliyozipiga ilikwisha kufa zamani.

Mumewe alikuwa muuguzi. Majirani walimtania kwa kumwita Daktari, naye wala hakuwasahihisha.

Mwezi ule kompyuta ilianza kuwa nzito. Ukiiwasha, chai inapoa kabla haijafunguka.

"Ina virusi hiyo," Daktari alisema. "Dawa yake naijua."

Akaweka programu ya kinga. Hakuona nafuu, akaongeza ya pili. Kompyuta ikazidi kukwama, hata kuandika jina ikawa kazi.

"Baba Pacha, mgonjwa wako humpi dawa mbili za ugonjwa mmoja," mkewe alimwambia huku akishona kifungo.

"Hii ni mashine, mke wangu. Haina ini la kuharibika."

Alhamisi mchana dirisha jekundu likatokea kwenye kioo. Liliandikwa: HATARI! KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI. ZIMA KINGA ZAKO, KISHA BONYEZA HAPA UPATE TIBA YA BURE. Neno "tiba" lilimwingia Daktari kisawasawa. Mtu aliyezeekea wodini akisikia tiba, lazima asogee. Alizima kinga zote mbili, akabonyeza.

Jumamosi binti alifungua picha ya kwanza. Haikufunguka. Ya pili vilevile. Badala ya picha yalikuja maandishi: mafaili yenu yamefungwa, lipeni tuwafungulie.

"Mama, kaka yuko wapi?" binti aliuliza.

Mama Pacha alijaribu moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyofunguka.

"Mimi sura yake nimeanza kuisahau," binti akasema polepole. "Nilikuwa naikumbuka humu."

Mama Pacha alimgeukia mumewe. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Umemzika mwanangu mara ya pili," alimwambia. Daktari alinywea.

Nyumba ya nyuma aliishi mwalimu wa kompyuta wa chuo cha ufundi. Walimwita, akaja. Kwanza alichomoa waya wa intaneti, kisha akakaa muda mrefu akikagua.

"Poleni sana," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyefika msibani. "Nisiwadanganye. Hizi picha siwezi kuzifungua."

"Tukilipa je?" Daktari aliuliza.

"Mwizi hatoi risiti, ndugu yangu. Atachukua, na huenda asifungue. Msilipe. Nitawahifadhia mafaili haya yalivyo. Pengine siku moja ufunguo utapatikana. Lakini msikae mkiutegemea."

Mama Pacha alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Basi tufundishe, Mwalimu. Tulikosea wapi?"

"Mliweka kinga mbili. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila moja inaiona nyingine ni adui, zinapigana, na kompyuta inachoka. Chagueni moja tu. Na hii kompyuta yenu ilikuja na kinga yake ndani. Kwa nyumba nyingi inatosha, mradi imewashwa na inasasishwa."

"Kusasishwa ndiyo nini?"

"Kupewa habari mpya. Wezi hubadili mbinu kila siku. Mlinzi asiye na habari atampigia mwizi saluti."

"Na mtu akitaka nyingine?" Daktari aliuliza, akiangalia sakafu.

"Atafute mtengenezaji anayejulikana. Asome wanavyosema wapimaji ambao wao hawauzi programu hiyo. Kisha aichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe."

"Kumbe ya bure ndiyo iliyotuponza."

"Hapana, za bure zipo nzuri. Shida ni kwamba wewe hukuitafuta, yenyewe ndiyo ilikutafuta. Daktari, umewahi kuona dawa inapiga hodi kwa mgonjwa? Na ikikuambia uzime kinga kwanza, huyo ni mwizi anakuomba umfunge mbwa."

"Mganga hajigangi," Daktari alisema. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu aliendelea. "Kinga yoyote inaweza kushindwa. Kwa hiyo wekeni nakala. Nunueni diski ya nje. Chomeka, nakili, chomoa, weka kabatini. Ukiiacha imechomekwa, mwizi akiingia anabeba vyote."

Aliisafisha kompyuta yote, akawaachia kinga moja. Ikawa nyepesi kama zamani. Lakini ilikuwa tupu, na Mama Pacha hakuweza kuitazama. Kwa siku kadhaa alimwekea mumewe chakula mezani, akarudi kwenye cherehani yake.

Daktari aliwapigia simu ndugu wote, mmoja mmoja, akiulizia picha za mtoto. Wengi walikuwa wamezifuta. Dada yake ndiye aliyekuwa na picha nne, na video moja fupi aliyotumiwa na wale pacha. Picha na video zilipofika, Daktari alizinakili kwenye diski mpya ya nje kabla hata ya kuzitazama. Akaichomoa, akaifungia kabatini.

Jumamosi wote watatu walikaa mbele ya kompyuta. Daktari alipoingia mtandaoni, dirisha jekundu likajitokeza tena: TIBA YA BURE. Safari hii kinga ililizuia, ikatoa onyo. Daktari aliondoa mkono kwenye kipanya kama ameshika moto.

"Mama Pacha, hebu soma na wewe," alisema. Walisoma pamoja, wakalifunga.

Kisha akafungua video. Mtoto alitokea, meno mawili ya mbele hana.

"Shangazi, lete tena machungwa. Yale ya juzi mazuli!"

Binti aliangua kicheko. "Mama, alikuwa anasema 'mazuli'! Nilikuwa nimesahau."

"Hata mimi, mwanangu," Mama Pacha alisema, na machozi yakamtoka.

Daktari aliona, akashika kipanya. "Niizime?"

"Hapana," mkewe alimjibu. "Rudisha mwanzo."