Macho ya Mzee Wembe

Kila alipotoka shule, Injinia alipitia kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha shangazi yake. Injinia halikuwa jina lake. Alibandikwa na shangazi siku alipoifufua simu iliyogoma kuwaka, na likamganda, hata wenzake darasani wakawa hawamwiti vingine. Aliweka mkoba nyuma ya mlango, akanawa mikono asije akachafua karatasi, kisha akaketi mbele ya kompyuta kufanya kazi zake za shule. Chumba cha pili mashine ya kuchapa ilinguruma. Pembeni yake Mzee Wembe alipigapiga rundo la karatasi likae sawa, kabla ya kushusha kisu cha mashine ya kukatia. Mzee huyo alianza kazi hiyo shangazi akiwa bado msichana, na watu walimtania kwamba hata mkate hauli mpaka aunyooshe kingo.

Mwezi ule shangazi alikuwa na kibarua kigumu. Kijana aliyekuwa akipanga kurasa kwa kompyuta alikuwa ameacha kazi, na programu aliyoitumia ilikuwa imezeeka, haifunguki tena. Na kupanga kurasa si mchezo. Kijitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa, ukurasa wa kwanza ukiwa ubavuni mwa ukurasa wa mwisho, ili karatasi zikikunjwa na kubanwa pini kurasa zifuatane. Programu ndiyo hupiga hesabu hiyo. Shangazi alikuwa amepata mbili za kujaribu, na ilimpasa achague moja.

“Injinia, mimi karatasi naijua, kompyuta ndiyo inanipiga chenga,” alisema. “Nijaribie zote mbili. Chapa kijitabu kinene kwa hii, na kingine kwa ile. Kunja, bana pini, mpe Mzee akate. Usiniletee habari za kwenye kioo, niletee vitabu mkononi.”

Programu ya kwanza ilikuwa na rangi za kupendeza, na kurasa zake zilijifunua zenyewe kwenye kioo. Ya pili ilikuwa ya kijivu, imejaa maswali ya kuchosha: karatasi ina unene gani, kijitabu kinabanwa vipi. Nje wenzake walikuwa wakimwita akacheze mpira wa pete. Injinia alijiambia kwamba zote ni yale yale tu, akaifunga ile ya kijivu, akatoka mbio.

“Umezijaribu zote?” shangazi alimuuliza jioni.

“Zote, shangazi. Hii ya rangi ndiyo kiboko.”

“Na ukakunja?”

“Nilikunja.”

Mzee alikuwa ameshakwenda nyumbani, na shangazi, kwa haraka aliyokuwa nayo, hakudai kuviona vitabu; alimwamini, akainunua ile ya rangi.

Kazi ya kwanza ilikuwa vijitabu vinene vya mazoezi ya sayansi kwa shule ya jirani. Mwalimu alivitaka upesi, maana mitihani ilikuwa imekaribia. Vilichapwa, vikakunjwa, vikabanwa pini, na Mzee Wembe akakata vya kwanza. Shangazi alifungua kimoja katikati, uso ukambadilika. Herufi za mwisho wa mistari zilikuwa zimeliwa. Badala ya “mapafu” palisomeka “mapa”.

“Mzee, umekata ndani mno!”

“Nimepima, mama. Kama siku zote.”

“Siku zote gani hizo za kula maneno?”

Mzee alikata kingine, polepole, pua ikikaribia kugusa karatasi. Kurasa za mwanzo zilitoka salama, za katikati zikaliwa tena. Akakata cha tatu, hali ikawa ile ile. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena.

“Labda ni macho, mama,” alisema. “Uzee haupigi hodi.”

Simu ililia. Alikuwa mwalimu. “Vinakuja, mwalimu, vinakuja,” shangazi alimjibu, huku mkono mmoja ukiwa kichwani. Alipokata simu aliketi juu ya rundo la karatasi.

Injinia alichukua kijitabu ambacho hakijakatwa, akakitazama kwa ubavu. Karatasi za ndani zilikuwa zimechomoza kuliko za nje. Hapo akaelewa yote. Karatasi nyingi zikivishana, zile za katikati husukumwa nje, na kisu kikisawazisha, ndizo zinazoumia. Ndiyo maana ile programu ya kijivu iliulizia unene: ilitaka kuyavuta maneno ya kurasa za katikati kuelekea kwenye mkunjo. Alitaka kusema, akaogopa. Akisema, wote watajua kwamba ni mwongo. Asiposema, atafanya nini? Alisimama pale na kijitabu chake, asijue ashike lipi.

“Mzee wangu,” shangazi alisema kwa sauti ya chini, “kesho usije. Pumzika kwanza nyumbani. Nitatafuta mtu mwingine wa kukata.”

Mzee hakubisha. Alivua aproni, akaikunja pembe kwa pembe. Kisha akaanza kupapasa ukuta akitafuta koti lake, na koti lilikuwa limening'inia mbele ya macho yake. Injinia alishindwa kuvumilia.

“Si macho yake, shangazi!” alipiga kelele huku akilia. “Ni mimi. Ile programu nyingine sikuijaribu. Sikukunja hata kijitabu kimoja. Nilikudanganya.”

Shangazi alimwashia kompyuta, akamwonyesha kiti kwa kidole. Safari hii Injinia alijibu maswali yote ya ile programu ya kijivu. Walichapa nakala moja, wakakunja, wakabana pini.

“Kata wewe, mama,” Mzee alisema. Alimsogezea kijitabu.

“Utakata wewe.”

Alikata. Shangazi alifungua katikati, na kila herufi ilikuwa mahali pake.

Akampigia mwalimu, akamweleza ukweli kwamba kazi itachelewa, akasemwa mpaka basi. Karatasi zote zilizoharibika zilitupwa, maana maji yaliyomwagika hayazoleki, na Injinia ndiye aliyezibeba.

“Nisamehe, Mzee,” shangazi alisema. “Nilikuhukumu bila kupima.”

“Na mimi unisamehe, babu,” Injinia alinong'ona.

Mzee Wembe alimgeukia.

“Kuchagua vibaya si kosa kubwa, mjukuu wangu. Hata mimi nimeharibu karatasi nyingi. Lakini ulisema umepima, na hukupima. Sisi tukakuamini, tukaenda kutafuta kosa mahali lisipokuwepo, tukalikuta kwangu. Ubaya ni kwamba na mimi nilikubali. Karatasi zitanunuliwa nyingine. Ila leo nilikuwa natoka mlango ule nikiwaza nitamwambiaje mke wangu kwamba sioni tena.”

Injinia alichukua ile aproni iliyokunjwa, akamrudishia mkononi.