Moto wa Kwanza Katika Kanisa la Zamani

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na mbili, na tayari ni mjane. Shuleni sikufika; kusoma nilijifunza mwenyewe kwa magazeti ya kufungia chumvi. Hata barua hii nimeichana na kuianza upya mpaka nimechoka... Ndivyo nilivyo. Nataka kila kitu kisiwe na doa. Tabia hiyo imeniponza!

Watu wa milimani walipohamishiwa kijiji chetu cha ujamaa, huku Ngara, kanisa letu dogo la udongo halikutosha tena. Likajengwa kubwa. Lile la zamani tukapewa mimi na mume wangu, Bernado, kwa kuwa tulikuwa tumeoana karibuni na tulibanana kwa mama yake.

Nilifurahi mno! Nikapaka kuta udongo mweupe. Nikiona alama, narudia ukuta mzima.

Kwetu nyumba haihamiwi mpaka mama mkwe alete moto wa jikoni kwake, auwashe kwenye mafiga mapya. Nikiuwaza moshi wake kwenye kuta zangu nyeupe, roho iliniuma. Kila alipouliza, nilimwomba asubiri kidogo.

Bernado alinitania, "Mke wangu, Mungu mwenyewe amekaa humu miaka yote, hakulalamikia kuta. Wewe ni nani?"

Nilicheka... lakini sikukubali.

Ndipo vita vikaja. Mgambo wakaitwa, na Bernado alikuwa mgambo. Asubuhi ya kuondoka, mama mkwe alifika na makaa kwenye kigae.

"Mwanangu, leo apikiwe kwake."

Sakafu nilikuwa nimeisiriba jana yake. Ilikuwa mbichi! "Tutaiharibu, mama. Akirudi nitampikia humo humo."

Bernado alikula ndizi zake amesimama mlangoni, akichungulia ndani kama mgeni. Lori likapiga honi.

Hakurudi. Mwenyekiti wa kijiji alikuja ameshika kofia mkononi, nikajua...

Siku ile mvua ilinyesha, waombolezaji wakajaa ndani. Mama mkwe aliingia na kigae kile kile, hakuniuliza. Moto wa kwanza katika nyumba yangu ukawa moto wa matanga!

Ukuta mmoja sasa ni mweusi kwa masizi. Sijaufuta, wala sitaufuta.

Dada zangu mlio na waume, mnangoja nini? Nawasihi, akiomba kula kwake leo, mpikieni leo! Ukuta hupakwa tena. Bernado wangu hakula ndani ya nyumba yake hata tonge moja.