Mlio wa Kisira Nyuma ya Ua

Kila alfajiri Asiya alikuwa wa kwanza kuzunguka uani. Mama yake, Mama Jalia, alikuwa ameshakwenda sokoni kupokea nyanya zinazotoka Adumi, na kaka yake Siraji alikuwa bado anakoroma. Asiya alichukua jerikeni mbili za njano, akaenda bombani, akarudi, akawasha moto wa chai. Kazi hizo alizizoea na hakuzichukia. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika: siku hizi alipita kando ya banda la kuku bila kulitazama.

Walikaa Awindiri, mjini Arua, katika nyumba ya matofali yenye ua wa matete kwa nyuma. Nyumba ilikuwa ya Haboba. Ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake Mama Jalia. Kila asubuhi Haboba alioka kisira, ule mkate mwembamba kama kitambaa, kwa unga wa mtama uliochachuka. Alimwaga rojo juu ya bamba la chuma lililowaka, akalisambaza upesi kwa kipande cha ukindu. Bamba lililia *ssss*, kisha likanyamaza. Kisira cha kwanza hakikutoka vizuri hata siku moja, kilipasuka. Haboba alikikunja, akakiweka kwenye kisahani juu ya nguzo ya ua, na kusema cha kwanza ni cha mtoto apitaye.

Haboba alifariki wakati wa mvua. Tangu azikwe, jiko lake lilikuwa baridi.

Lakini asubuhi moja, Asiya akiwa ameinama anapuliza moto, alisikia *ssss*. Kimya. Kisha tena, *ssss*. Harufu ya mtama uliochachuka ikampitia puani. Aligeuka. Jikoni kwa Haboba hapakuwa na mtu, ila buibui katika mafiga. Nywele zikamsimama.

Asubuhi iliyofuata mlio ulirudi, na iliyofuata pia. Alipomwambia Siraji, kaka yake alicheka mpaka akamwaga chai. "Haboba amekuja kukagua bamba lake," alisema. "Jihadhari. Wewe ndiye ulikuwa kipenzi, ataanza na wewe."

Siraji alitania tu. Hakujua kwamba amegusa kidonda.

Haboba alipokuwa mgonjwa, alimwita Asiya kitandani akamwomba alisugue bamba, alipake mafuta ya simsim, yaani ya ufuta, na kuliweka ndani pakavu, kwa sababu chuma kile kilitoka Koboko kwa mama yake na hakikupenda maji. Asiya alilibeba hadi uani. Lilikuwa zito, na wenzake walikuwa wanamwita njiani wakacheze. Akalilaza juu ya banda la kuku, akijiambia kwamba atarudi. Usiku mvua ikanyesha.

Kesho yake Haboba aliuliza kwa sauti iliyokwisha, "Umelipaka, mwanangu?"

"Nimelipaka, Haboba."

"Mikono yako ibarikiwe."

Wiki haikuisha, Haboba akafariki. Baada ya mazishi Asiya alikwenda kulitazama bamba, akalikuta limekuwa jekundu kwa kutu. Alilifunika kwa nyasi za paa. Tangu hapo alikuwa akiitazama mikono yake wakati wa kunawa, na hakuweza kula nayo vizuri.

Sasa arobaini ya Haboba ilikuwa inakaribia. Ndugu wangetoka Koboko kuja kuomba dua, na Mama Jalia alisema hawezi kuwapa wageni mkate wa dukani siku hiyo. Wataoka kisira juu ya bamba la Haboba mwenyewe. Akalitafuta jikoni, akalitafuta chini ya vitanda. Akamuuliza Asiya, na Asiya akatikisa kichwa.

"Wale wakimbizi wa Sudan Kusini walio nyuma ya ua wetu walihamia wiki ile ya msiba," alisema Siraji. "Watu waliingia na kutoka hapa. Nani aliwaangalia?"

Uso wa Mama Jalia ulibadilika. Alisema atakwenda kuwauliza yeye mwenyewe. Asiya alichukua madaftari yake, akaenda shule.

Shuleni siku hiyo Mwalimu Anguyo aliwataka watafute jambo moja ambalo watu wa Uganda na wa Sudan Kusini wanafanana, lakini wasilitoe kitabuni. Patience, aliyekaa naye dawati moja, alisema kwamba hakuna, wale wamekuja juzi na mizigo kichwani, watafanana nao wapi. Darasa likacheka. Asiya hakucheka. Masikioni mwake bamba lilikuwa linalia.

Siku moja kabla ya arobaini, Mama Jalia hakwenda sokoni. Asiya alirudi kutoka bombani kukiwa na ukungu, na alipofika uani akasimama. Juu ya nguzo ya ua palikuwa na kisahani. Ndani yake kulikuwa na kisira kilichopasuka, kimekunjwa mara nne, kinafuka mvuke.

Jerikeni zikamtoka mikononi. Maji yakamwagikia miguu yake na hakuyasikia.

"Haboba," alisema, akilia, "sikulipaka. Nilikudanganya."

Matete yakatikisika. Mkono wa mwanamke ukayapanua, na sauti ikasema, "Taali."

Neno hilo ni la Kinubi, la nyumbani kwao Asiya, maana yake njoo. Lakini sauti haikuwa ya Haboba. Aliyechungulia alikuwa mwanamke wa makamo, ana kitambaa kichwani na msalaba mdogo shingoni. "Usilie," alisema. "Hii iko yako. Ya kwanza siku zote ni ya mtoto."

Asiya aliingia katika pengo la ua. Kwenye mafiga kulikuwa na kipande cha pipa kilichonyooshwa kwa nyundo. Mwanamke alimwaga rojo, akalisambaza kwa ukindu, na mlio ukatoka palepale, mbele ya macho yake. Jina lake Elena, alisema. Alitoka Yei, Sudan Kusini. Alioka alfajiri ili kuwauzia wenye vibanda vya chai. Bamba lake la kweli lilibaki huko, wakati wa kukimbia.

Kabla Asiya hajasema neno, lango la mbele la kwa Elena likagongwa. Mama Jalia aliingia, amejifunga kanga kiunoni, macho yake yakienda moja kwa moja motoni.

"Dada, samahani kwa asubuhi hii," alianza, na sauti yake haikuwa ya samahani. "Nyumbani kwangu limepotea bamba la marehemu mama yangu. Nasikia hapa mnaoka."

Elena aliweka ukindu chini. Hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyekwisha kuulizwa maswali ya namna hiyo mahali pengi. Hilo ndilo lililomchoma Asiya.

"Mama," alisema. "Liko juu ya banda la kuku. Mimi ndiye niliyelificha." Akaeleza yote, mvua, swali la Haboba, jibu lake mwenyewe, baraka, na mlio alioudhani kuwa wa Haboba.

Mama Jalia alikaa kwenye jiwe. Kisha alimwomba Elena msamaha, mara hii kwa sauti yake halisi.

Elena alisema mama yake alifia Koboko, wakati wa kukimbia, akazikwa na watu wasiomjua. Kwao pia, kanisani, siku ya arobaini watu huomba na kupika. Lakini arobaini ya mama yake iliwakuta bado njiani, na hakuna aliyewasha moto.

"Jioni wewe unachagua mchele na unaimba," alimwambia Mama Jalia. "Mimi huku nasikiliza. Nafikiri iko mama yangu anaita."

Mama Jalia alifuta macho. "Na huyu mtoto alidhani wewe ni mama yangu mimi," alisema.

Siku nzima walisugua bamba kwa mchanga, majivu na ndimu, na Asiya akawasimulia swali la Mwalimu Anguyo. Elena alijua namna ya kulichoma na kulisugua kwa simsim iliyopondwa mpaka likawa jeusi tena. Tundu dogo lililoliwa na kutu pembeni halikuondoka. Jioni Mama Jalia alipitisha kidole juu yake.

"Kutu ya siku ya kwanza ningeifuta kwa kanga hii," alimwambia Asiya. "Uliifunika, ikapata nafasi ya kula. Uongo nao ukala, mpaka karibu nimwite mwizi mtu anayewalisha watoto wa watu. Ukiharibu kitu, mwanangu, niletee kosa likiwa bado dogo. Na Mwalimu wako mwambie jambo hili moja: huko na huku, cha kwanza ni cha mtoto."

Asubuhi ya arobaini milio ilikuwa miwili, mmoja kila upande wa ua. Mama Jalia aliagiza visahani viwili vya kisira viwekwe juu ya nguzo, kimoja cha Haboba, kingine cha mama yake Elena. Asiya aliviweka kwa mikono yake myeusi kwa masizi, akaenda bombani.

Aliporudi, vyote viwili vilikuwa vitupu. Haboba hakuwahi kuuliza ni nani aliyechukua. Asiya naye hakuuliza.