Nyumba Iliyohama Kidogo Kidogo

"Fundi, mbona umeganda huko juu ya ngazi? Pazia limekushinda?"

Aliyeuliza ni Msanii, mwenye maonyesho. Pazia halikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa pale chini, juu ya kitanda: foroni ya bluu yenye maua ya njano, pindo lake limeshonwa mara mbili kwa mshono wa kurudi nyuma. Fundi cherehani anaweza kusahau sura ya mteja, lakini kazi ya mkono wake hawezi kuisahau. Foroni ile aliishona mwenyewe, wiki moja kabla ya harusi yake.

Akateremka ngazi taratibu, mkono mmoja ukutani.

Alikuwa ameitwa kushona na kutundika mapazia ya maonyesho. Katikati ya ukumbi, Msanii alikuwa amejenga nyumba nzima isiyo na paa: sebule, jiko, chumba cha kulala. Wiki nzima Fundi alikuwa akipima madirisha tu, vitu vikiwa bado kwenye maboksi. Leo maboksi yamefunguliwa. Hii hapa pasi yake. Hii hapa saa ya ukutani aliyoambiwa imepelekwa kutengenezwa. Ile pale chupa ya chai. Miaka miwili ya vitu vilivyopotea nyumbani kwake, vimepangwa vizuri kuliko alivyowahi kuvipanga yeye.

"Dada, vitu hivi umenunua wapi?" aliuliza.

"Sijanunua hata kimoja," Msanii alisema, akitabasamu kwa madaha. "Vyote kaleta mpenzi wangu. Nilimpa sharti moja tu. Kila ukija kwangu, njoo na kitu kimoja kutoka nyumbani kwako. Siku nyumba itakapojaa, na wewe uhamie. Kila kitu nimekiandikia kikaratasi, siku aliyokileta na maneno aliyoyasema."

"Kwani hana mke?"

"Anaye. Maskini, ni mgonjwa, ana tatizo la kusahau. Mpole anasema hata akibeba kochi mchana kweupe, yule mama hatagundua."

Mpole. Mtaa mzima ulimwita hivyo mume wa Fundi, kwa vile hajawahi kumpandishia mtu sauti. Fundi akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kikavu, hata Msanii akamtazama mara mbili.

Kisha akauona mkasi.

Ulikuwa umening'inizwa kwa uzi juu ya meza ya chakula. Mkasi mzito wa chuma, mpini mmoja umezungushiwa kitambaa chekundu. Mkasi wa marehemu mama yake. Akasogea, akasoma kikaratasi: *Mkasi. Alisema: usijali, mwizi ameshapatikana.*

Akakisoma tena. Mume kuwa na mwanamke nje, hilo linauma, lakini halikuwa geni duniani. Huyo mwizi aliyepatikana ndiye aliyemmaliza. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, waliyemwita Kasuku kwa kuongea kwake. Aliishi kwao, akipika na kumsaidia kushona vifungo. Mkasi ulipopotea, Mpole alisema amemwona Kasuku akiufunga kwenye furushi. Fundi akampekua mdogo wake uani, majirani wamepanga foleni ukutani wakitazama, hakupata kitu, na bado akamfukuza. Habari zikawafikia wazazi wa mchumba wake. Wakasema mtoto wao haoi mwizi. Sasa Kasuku alikuwa akifua nguo za watu mji mwingine, na simu za dada yake hapokei.

"Fundi, unaumwa?"

"Nimesimama sana. Huyo Mpole wako anahamia lini?"

"Ijumaa saa kumi, siku ya ufunguzi. Anakuja na begi lake mbele ya wageni."

"Basi na mimi nitakuja," Fundi alisema. Akapanda tena ngazi, akamaliza mapazia yote sita.

Jioni ile alimwekea mumewe chakula, akakaa mbele yake. Bado alitaka kumpa mlango wa kutokea. Ndivyo alivyokuwa mjinga, na mwenyewe alijijua.

"Mume wangu, hivi Kasuku kweli alichukua ule mkasi?"

"Si nilimwona kwa macho yangu haya?"

"Inawezekana uliona kitu kingine."

"Mke wangu, sikutaka kukuumiza," Mpole alisema kwa sauti yake ya upole, akinawa mikono. "Alikuwa akicheka wakati anaufunga. Akasema mama alikupendelea wewe. Mtoto yule ana roho mbaya. Msahau."

Fundi akatoa vyombo. Jikoni, maji yakichuruzika bombani, alimwandikia mdogo wake:

*"Ijumaa saa kumi nitakupigia. Sikuombi useme kitu. Pokea tu, usikilize. Nakuomba kwa jina la mama."*

Siku mbili hakuna jibu. Alhamisi likaja neno moja: *"Sawa."*

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wageni walizunguka ile nyumba wakinong'ona, wakiinama kusoma vikaratasi, wakitikisa vichwa. Mpole alisimama karibu na mlango wa sebule, shati jeupe, begi mkononi, anang'aa utadhani bwana harusi. Shati lile Fundi ndiye aliyelinyoosha asubuhi, kwa pasi ya jirani.

Fundi akapiga. Simu ikapokelewa, kimya upande wa pili. Akaishika mkononi, spika imewashwa, akaingia moja kwa moja mpaka meza ya chakula, akaukata kwa meno ule uzi, akauchukua mkasi.

"Haloo, mama! Vitu haviguswi!" mgeni mmoja alipiga kelele.

Mpole akageuka. Rangi ikamtoka.

"Wewe... umefuata nini huku?"

"Nimefuata mkasi wa mama yangu."

"Jamani, mtusamehe," Mpole akawageukia watu, mkono kifuani. "Huyu ni mke wangu. Haumwi sana, ila anasahau. Hajui yuko wapi."

"Nasahau?" Fundi alisema. "Saa ile inachelewa dakika saba, ilianguka siku tuliyohamia. Chupa ya chai kifuniko kimeungua upande mmoja, uliiweka karibu na jiko ukalala. Godoro lina doa upande wa ukutani, nilitapika pale nikiwa na ile mimba iliyotoka. Niendelee? Niulize kitu chochote humu ndani."

Msanii alikuwa amekuja mbele, mikono kiunoni.

"Fundi? Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Yule maskini mgonjwa."

"Mke wangu, twende nyumbani tukaongee," Mpole alinong'ona.

"Nyumbani wapi? Si yote iko hapa? Sikiliza, sikutaki, wala vitu hivi sivitaki. Nataka jambo moja tu mbele ya watu hawa. Nani alichukua mkasi?"

"Mambo ya ndani haya..."

"Nani alichukua mkasi?"

Mpole akatazama chini. Ndipo Msanii, bila kuombwa na mtu, akachukua kikaratasi kutoka mezani akakisoma kwa sauti kavu kama anaita majina darasani:

"Mkasi. Alisema: usijali, mwizi ameshapatikana."

Wageni wakamgeukia Mpole.

"Mimi," Mpole alisema.

"Sikusikii."

"Ni mimi niliyechukua. Shemeji hakuiba."

"Hakuiba nini?"

"Hakuiba chochote. Nilisema nimemwona, sikumwona."

"Na nilipokuwa nampekua, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Na mkasi?"

Mpole akagusa mfuko wa suruali. "Ulikuwa mfukoni kwangu."

Mgeni mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, akidhani ni sehemu ya maonyesho. Mwenzake akamkanyaga mguu.

Ungetegemea mtu kama huyo akimbie. Thubutu! Mpole alijifuta uso kwa leso, akamgeukia Msanii, akatabasamu kidogo.

"Basi mpenzi, sasa hakuna la kuficha. Nimekuja. Begi niweke wapi?"

"Weka hapo kwenye zulia," Msanii alisema. "Nafasi yake ipo, na kikaratasi chake nimeshaandika."

Mpole akaliweka, akainama kusoma: *Begi. Alisema: sasa mimi ni wako.*

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe? Mlango ule pale."

"Tulikubaliana nyumba ikijaa nihamie!"

"Na imejaa. Jumatatu inafungwa kwenye kontena, inakwenda kuonyeshwa kwingine. Nilikuwa nataka kujua mtu anaweza kuibomoa nyumba yake mpaka wapi kama akiombwa vizuri. Umenionyesha. Ahsante."

"Na mapenzi?"

"Kwani wewe ulileta mapenzi? Uliniletea pasi."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimsindikiza Mpole mpaka barabarani, bila begi. Fundi hakucheka. Wala hakumshukuru Msanii. Mwanamke aliyekaa na kikaratasi kile miezi yote hiyo bila kuuliza huyo mwizi ni nani, hana cha kushukuriwa. Akajibanza kwenye kona ya jiko la maonyesho, akazima spika, akaweka simu sikioni.

"Mdogo wangu, umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Rudi nyumbani. Nitapita kwa kila jirani aliyekuwa pale, nitawaambia. Nitaenda kwa wakwe zako nikapige magoti."

"Mchumba alishaoa. Mwezi uliopita."

Fundi akafumba macho. "Nisamehe. Mume wangu aliniroga kwa ule upole wake. Lakini leo nimemfanya aseme ukweli mbele ya watu, umemsikia mwenyewe."

"Dada, mimi ukweli nilikuwa nao. Siku ile nilikuapia kwa kaburi la mama."

"Najua."

"Nikakuambia nipekue, uone. Ukanipekua, hukuona kitu. Bado ukanifukuza."

"Najua, mdogo wangu."

"Yule bwana alidanganya, na kudanganya ndiyo tabia yake, sina kinyongo naye. Lakini wewe unanijua tangu nimezaliwa. Umehitaji uuone mkasi, ukahitaji mumeo akiri, ukahitaji ukumbi mzima wa mashahidi, ndipo uamini kwamba mdogo wako si mwizi."

Fundi akautazama mkasi mkononi.

"Mkasi nitakuletea," alisema. "Uwe wako."

"Baki nao, dada. Mimi sitaki kitu chochote kutoka nyumbani kwako."

Simu ikakatika. Fundi akapiga tena pale pale. Namba haikupatikana, wala kesho yake, wala keshokutwa.